Nishani za Kikosi cha Baiskeli

11 Februari 1996

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitafuta ubaya, lakini tumeshazoeana. Magoti ya Mama yanasemaje? Na kifua chako? Ile dawa umeimaliza, au umempa mgonjwa mwingine kama kawaida yako?

Leo sikuandikii kwa habari za afya tu, Baba. Kaa kwanza.

Unajua kazi yangu hapa ni kupiga pasi mashuka ya hoteli, shuka baada ya shuka mpaka macho yanaona weupe mtupu. Wakati wa kula tunatandika magazeti ya zamani mezani. Juzi nikaweka kikombe changu juu ya tangazo la jeshi la huku. Linasema wana nishani za vita vya zamani, vya kwenye makoloni yao, ambazo wenyewe hawakuwahi kupewa. Mwenye haki au jamaa yake ajitokeze. Chini wametaja vikosi. Nikasoma huku natafuna. Cha mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: Kikosi cha Baiskeli.

Nilisimama ghafla hadi msimamizi wetu akaniuliza kama nimeungua na pasi.

Baba, ndicho kile? Kile cha hadithi zako, cha matairi yaliyojazwa nyasi na sajenti aliyetumbukia mtoni na baiskeli mgongoni? Naomba unijibu sawasawa, bila chumvi: ulikuwa humo kweli? Na walikuandika kwa jina gani? Ofisi yenyewe iko vituo vichache vya treni kutoka hapa. Nikipata jibu lako nakwenda.

Nisalimie majirani wote, hata Kinyozi.

Ni mimi binti yako


2 Machi 1996

Kwa binti yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu wazee wako. Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri. Magoti ya mama yako yanalalamika asubuhi na kusahau mchana, na kifua changu kipo, kinafanya kazi yake.

Barua yako nimeisoma mimi, akaisoma mama yako, kisha nikavuka nayo barabara nikamsomea Kinyozi na wateja wake wote, pamoja na mmoja aliyekuwa amenyolewa nusu.

"Bila chumvi," unasema. Hata wewe! Tangu utoto, ukinisikia nimeanza "nilipokuwa jeshini," unabeba ndoo kwenda kuchota maji yasiyohitajika. Sikulaumu. Mtaa mzima unaniita Jenerali wa Pedeli, na kwa miaka yote hii sikuwa na hata kifungo cha kuonyesha. Walikivunja kikosi ghafla, wakachukua baiskeli, sare, kofia, mpaka viatu. Nilirudi nyumbani peku. Nani atamwamini mtu peku anayesema alikwenda vitani kwa baiskeli?

Ndiyo, mwanangu, ndicho chenyewe. Na jina waliloniandika ni hilohilo ninaloitwa mpaka leo: Pampu. Karani wao alishindwa na majina yetu, sajenti akasema tuitwe kwa vipuri vya baiskeli, kazi iishe. Mimi nilikuwa nimeshika pampu. Aliyekuwa nyuma yangu akaitwa Kengele kwa sababu ya sauti yake, na wa nyuma ya huyo, mrefu mwembamba, akaitwa Mnyororo. Sisi watatu tulilala hema moja. Ukifika huko angalia kama na zao zipo. Mnyororo alifariki, lakini ameacha binti na najua alikoolewa. Kengele nilisikia yu hai, ni seremala, anaishi kwenye milima ileile tuliyopelekwa vitani. Hatujaonana tangu siku tuliyovuliwa viatu.

Mama yako anasema nishani si mbaya, lakini kama kuna nafasi kwenye mzigo weka na sufuria, ile ya chini nzito.

Mimi baba yako


30 Machi 1996

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi, na natumaini hamjambo. Mimi mzima, mikono tu imekauka kwa mvuke.

Nilikwenda. Mama mmoja mwenye miwani alitoka stoo na boksi kama la viatu, akazimwaga nishani mezani kama vifungo. Ni za fedha. Upande mmoja uso wa mfalme wao, upande wa pili milima na jua linachomoza. Akaniambia nisome ukingoni. Nikazungusha moja baada ya nyingine mpaka nikaiona: PAMPU, KIKOSI CHA BAISKELI. Nilicheka, Baba, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Yule mama akaniuliza pampu ni cheo? Nikamwonyesha kwa mikono mtu anavyojaza upepo, na yeye akacheka.

Ya Kengele na ya Mnyororo zilikuwepo. Nikamweleza kwamba wewe unawajua wenyewe, nikatia sahihi, akanipa zote tatu. Nazituma kwa dada mmoja wa jikoni anayerudi nyumbani likizo. Sufuria pia. Mwambie Mama chini yake ni nzito hadi yule dada amenuna.

Kuna jambo moja. Yule mama wa ofisini aliniambia vita vyenyewe kwenye vitabu vyao vinaitwa Kutuliza Milima. Nikamwuliza, milima ilikuwa na nini mpaka itulizwe? Akasema hajui, yeye kazi yake kutunza stoo. Nimerudi kwenye treni nalifikiria hilo. Hadithi zako zote nazijua kwa moyo: nani alianguka, nani alifukuzwa na nyuki, nani alipoteza suruali. Lakini katika zote hizo sijawahi kumsikia adui. Baba, mlikuwa mnapigana na nani?

Binti yako


23 Juni 1996

Baba,

Salamu. Mimi mzima. Naandika kwa kifupi kwa sababu nina wasiwasi. Yule dada amesharudi kazini muda mrefu, anasema mzigo alimkabidhi Mama mkononi. Ninyi kimya. Je, kuna mgonjwa? Kama ni kifua chako msinifiche. Kama ni swali langu lililokuudhi, lifute, lakini niandikie hata mistari miwili.

Binti yako


14 Julai 1996

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mzigo ulifika salama. Hakuna mgonjwa. Sufuria inapikiwa kila siku. Aliyenyamaza ni mimi. Kila nikikaa kukuandikia nafika kwenye swali lako, naweka kalamu, nakwenda karakana kuziba pancha ya baiskeli ya mtu. Sasa pancha zimeisha, nianze na mepesi.

Siku nishani ilipofika niliipeleka kwa Kinyozi. Aliitazama, akaiuma, akaisoma ukingoni, kisha akavua kofia yake. "Mzee Pampu," akasema, "nimekucheka tangu nikinyoa kwa wembe wa kuazima. Nisamehe." Huyu ni mtu ambaye hakuniomba radhi hata siku aliponikata sikio. Nilinyolewa bure, na kila aliyepita njiani aliitwa aje aone. Usiku ule nililala kama mtoto.

Ya Mnyororo nilimpelekea bintiye. Akanipokea vizuri, akauliza kama ni dhahabu, nikasema si dhahabu, akasema basi. Wakati naaga, mjukuu wa Mnyororo anayeota meno alikuwa anaitafuna. Nadhani Mnyororo angefurahi.

Kisha nikaenda milimani kwa Kengele. Nilishukia njia panda nikauliza wapi anaishi seremala mwenye sauti kubwa, wakanionyesha bila kufikiri. Nilimkuta uani kwake anapiga mlango randa, na wazee wa pale wamekaa juu ya mbao zake wanazungumza. Nilimjua kwa mabega. Nikaita, "Kengele!" Akainua kichwa. Mwanangu, alinijua. Niliona uso wake ulivyonijua. Na mimi nikatia mkono mfukoni nitoe kikasha cha nishani.

Mzee mmoja akamwuliza, "Nani huyu, shemeji?"

Akasema, "Simjui."

Hakusema kwa ukali. Alisema huku anautazama mkono wangu uliokuwa mfukoni. Nikautoa mtupu. Nikasema, "Niwieni radhi, ndugu zangu, nimemfananisha. Namtafuta fundi wa baiskeli." Wakanielekeza kwa fundi wao, nikaenda ili wasishangae, nikakaa kwake kungoja basi la kurudi. Nilimsaidia kunyoosha rimu. Kijana wa watu anakaza spoki kama anafunga mbuzi.

Sasa swali lako.

Hatukupigana na mtu. Watu wa milimani walikataa kwenda kulima barabara ya serikali bila ujira, ndivyo vita vyenyewe. Bunduki hawakuwa nazo. Sisi wa baiskeli kazi yetu ilikuwa kutangulia, kuangalia njia kama inapitika na vijiji kama vina watu. Tulikuwa tukifika tunasalimia, tunapewa maji, watoto wanatukimbilia kwa ajili ya baiskeli, watu wazima wanatusaidia kushika gurudumu tukiziba pancha. Tunageuza, tunarudi kusema njia inapitika, watu wapo. Baadaye malori ya askari yanapanda. Walichoma maghala ya mahindi, kijiji baada ya kijiji, na mbuzi wakawaswaga. Mwaka ule milimani iliingia njaa, wakafa wazee na watoto.

Mimi sikuchoma ghala. Nilisema njia inapitika.

Yale ya nyuki na suruali yalitokea, sikukudanganya hata moja. Nilikuhadithia hayo kwa sababu yanachekesha. Haya mengine hukuuliza, na mimi nilikuwa nimefika mahali hata mwenyewe sijiulizi.

Kengele ameoa kwa watu waliopitia njaa ile, na wale waliokaa kwenye mbao zake ni wa rika la kuikumbuka. Kikasha chake nimerudi nacho.

Mama yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amekwenda jikoni kuongeza kuni.

Mimi baba yako


18 Agosti 1996

Mpendwa Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha mashuka, nimekaa juu ya marundo. Nilikuwa nimewatangazia watu wote hapa. Msimamizi alinipigia makofi mbele ya wenzangu, mimi binti wa askari wa baiskeli. Sasa kila akinisalimia natazama pasi. Sijui nikuambie nini, Baba. Sikukasirika. Ila nimezikumbuka zile hadithi zako moja moja, na kila nikifika mahali watoto wanawakimbilia, nasimama.

Kengele ndiye aliyenikera. Mmelala hema moja, unamfuata mpaka kwake, anakukana mbele za watu! Na wewe unakwenda kunyoosha rimu. Ningekuwa mimi ningeitoa ile nishani nikaitundika kwenye mlango wake alioupiga randa.

Mama ameniandikia kikaratasi, unajua hana mazoea. Anasema siku hizi Kinyozi anakuita huendi. Anasema pia wilayani wanataka ukae kiti cha mbele siku ya kufungua stendi mpya ya mabasi, umevaa nishani, na kwamba mtu wa gazeti atakuja kukuhoji. Maisha yako yote ulitaka watu wakuamini. Nenda kama unataka kwenda. Mimi nakuomba kitu kimoja tu: ukimhadithia huyo mtu wa gazeti, usimwambie ya nyuki peke yake.

Binti yako


6 Oktoba 1996

Mwanangu,

Pokea salamu. Sisi wazima, mvua imeanza na karakana inavuja palepale pa siku zote.

Nilikwenda kwenye stendi yao. Mama yako alinipigia pasi shati, akasema usiniaibishe, akanifunga vifungo kama natoka kuoa. Nishani niliiacha mfukoni. Mkuu wa wilaya akauliza iko wapi, nikamwambia utepe unaniwasha shingo. Akanitazama, akaendelea na hotuba.

Baadaye mwandishi akaja karakana, mtu mchangamfu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilianza na ya sajenti mtoni. Akacheka, akaandika. Ya nyuki, akacheka, akaandika. Kisha nikamwambia ya maghala, kama nilivyokuandikia wewe, pamoja na neno langu la njia inapitika. Kalamu ikasimama.

"Mzee," akasema, "hii habari ni ya ukurasa wa mwisho. Ya kuwachangamsha watu."

Nikamwambia, "Andika hata mstari mmoja."

Akasema atamwuliza mhariri. Halafu akauliza, "Na wenzako? Kuna aliyebaki?"

"Wamekufa wote."

"Hata huyu Kengele unayemtajataja?"

"Huyo alitangulia zamani," nikasema. "Na hilo liandike bila kumwuliza mhariri."

Unasema Kengele amekukera. Siku ile njiani kurudi na mimi alinikera, sikufichi. Nilikuwa nimemkuta mtu mmoja duniani aliyeona niliyoyaona, naye anasema hanijui. Lakini fikiria ningetoa ile nishani. Mimi ningepanda basi nikarudi kwa Kinyozi kushangiliwa. Yeye angebaki pale uani na mashemeji zake.

Gazeti likitoka nitakutumia kipande.

Mimi baba yako


24 Novemba 1996

Mpendwa Baba,

Salamu, na pole na kuvujiwa. Mimi ni mzima kabisa.

Kipande cha gazeti kimefika. Umetoka vizuri, shati limenyooka, Mama apewe hongera. "Jenerali wa Pedeli Apata Nishani Yake." Nimekisoma juu mpaka chini nikitafuta ule mstari mmoja. Haupo. Mhariri amewapenda sana wale nyuki. Na Kengele umemzika kweli, "marehemu Kengele," wameandika, na "Mungu amweke pema."

Nimekibandika ukutani kwenye chumba cha pasi. Wenzangu hawasomi lugha yetu, wakataka niwatafsirie. Nikawatafsiria yaliyoandikwa, wakacheka sana. Halafu nikawaambia na yale yasiyoandikwa. Pasi zikawa zinatoa mvuke tu. Msimamizi akaniambia baadaye, tukiwa wawili, kwamba baba yake mdogo alikuwa askari kwenye makoloni, wapi hasa hajui. Kila akija kwao wakati wao wadogo aliwahadithia yeye na ndugu zake jinsi nyani walivyomwibia kofia. Hiyo tu, ya nyani na kofia. Anasema hakuna aliyemwuliza kingine, na sasa amekufa.

Mimi nimefurahi kwamba nilikuuliza ungali hai. Nilitaka kukuambia hivyo tu.

Binti yako


19 Januari 1997

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi sana. Natumaini baridi ya huko haijakushinda. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, anasema sufuria ile imewafanya majirani wote waje kuazima, na kwamba hakuitaka ili iwe ya mtaa.

Ulisema nimemzika Kengele. Amefufuka.

Ilikuwa siku ya gulio, mwezi wa Novemba. Nimeinama nasugua kiraka, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, kwa sauti iliyoweza kuamsha kambi nzima: "Nimesoma gazetini kwamba nimekufa. Nimekuja kukupa pole."

Nilimvutia kigoda. Alikuja na baiskeli, amepanda basi nayo juu ya paa. Kinyozi akatokeza kichwa kuangalia ni nani mwenye sauti hiyo, nikamwambia ni mteja kutoka mbali. Kisha akasema, "Siku ile nilikukana."

"Nilisikia."

"Na wewe ukaenda kwa fundi."

"Nilipata faida. Nimemfundisha kukaza spoki."

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka kifua kikanibana akanipiga mgongoni.

Akauliza, "Unayo?" Nikamtolea kikasha chake kutoka kwenye droo ya valvu. Alivaa miwani, akasoma ukingo kwa kidole, taratibu, herufi moja moja. Akasema wameandika vizuri. Ndipo akanieleza. Walipotuvunja alihangaika mjini, halafu akapanda milimani kuuza misumari. Aliwakuta watu wanajenga maghala upya kwa fito na nyasi, hakuna anayejua kazi ya mbao aliyebaki na nguvu. Akasimama kuwajengea moja. Wakamletea chakula, akashindwa kukila. Akajenga la pili, la tatu, akaonekana mtu mwema, wakampa mke. Baba mkwe hakuwepo kumpa binti yake. Alikuwa amekufa mwaka wa njaa.

"Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwambia mke wangu," akasema. "Sasa tumezeeka wote wawili. Nimwambie nini, Pampu? Kwamba mimi ndiye niliyekunywa maji ya mama yake, nikarudi kusema watu wapo?"

Nilimwambia kwamba mwanangu aliniuliza, nikamjibu, na mpaka leo bado ananiita baba. Akasema huenda, siku moja. Akasema pia kwamba mke si mtoto, mtoto hana pa kwenda. Hapo sikumbishia.

Nishani hakuichukua. "Nitunzie," akasema. "Kwangu hakuna mahali pa kuificha ambapo mke wangu hafagii." Nimeirudisha kwenye droo ya valvu, pamoja na yangu. Yangu sijaivaa. Wateja wakiuliza nawaonyesha, na wakitaka hadithi nawapa yote, ya nyuki kwanza, ya maghala baadaye. Wengine huondoka kabla sijafika huko. Wengine hukaa.

Tangu siku ile Kengele anakuja kila mwezi, siku ya gulio, na baiskeli yake. Kwao huaga kwamba anakwenda kuitengeneza. Baiskeli yenyewe haina ubovu wowote, ni nzima kuliko mimi. Naipindua, natoa gurudumu, nazungusha, nalirudisha, naanza la pili, huku tunazungumza yale ambayo hatuwezi kuzungumza na mtu mwingine. Jua likigeuka anaichukua anakwenda zake.

Jana Kinyozi kaniuliza, "Mzee Pampu, hivi baiskeli ya yule mzee mbona haiponi?"

Nikamwambia ugonjwa wake ni wa zamani, hautaki haraka.

Mimi baba yako